Mama Alitaka Nyumba ya Mawe

Wakati wetu Goma ilikuwa mji wa mbao. Anayekuambia kwamba alikulia kwenye matofali alikuwa mtoto wa bwana mkubwa, au anadanganya. Sisi wa mtaa wa Mabanga tulilala ndani ya mbao za mikaratusi, juu ya mawe meusi ya volkano, chini ya bati. Kuta tulizibandika magazeti kwa uji wa muhogo ili upepo usipite. Kabla sijajua hesabu za kuzidisha, nilishajua nani alikuwa waziri wa madini, maana uso wake ulikuwa karibu na kichwa changu kila usiku. Kaka yangu mmoja alipata tangazo la sabuni, na nilimwonea wivu sana.

Mvua ikinyesha, Papa alikatiza hadithi katikati, akangoja bati linyamaze, kisha akaendelea palepale alipoishia, hata kama sisi tulishasinzia. Ndege zikishuka kuelekea uwanjani, vikombe vilicheza kabatini. Jioni volkano ya Nyiragongo iliwasha wekundu wake angani, na sisi wasichana tuliruka mchezo wa nzango uani mpaka vumbi jeusi litufike magotini. Tulikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa hadi mifupa ikawa kama biskuti. Na kwa kuwa mbao hazifichi kitu, Mama alitufundisha kugombana kwa kunong'ona. "Semeni polepole," alisema, "jirani hakuomba kusikia." Vijana wa leo, wanaokaa mezani na vifaa vyao masikioni, hawatajua kamwe utamu wa kusikiliza ndoa ya jirani ikivunjika na kuungwa upya kabla ya chai.

Papa alikuwa karani, mtu wa Bukavu, Mkatoliki wa kupiga magoti sawasawa. Kila mwaka mpya alituambia, "Mwaka huu, Mungu akipenda, tutajenga ya matofali." Alisema hivyo miaka mingi, mpaka Mungu akampenda yeye mwenyewe, akamchukua. Mama akabaki ndani ya mbao zake.

Msimu wa mvua uliopita nguzo za nyuma zilioza kabisa, nyumba ikaanza kuinamia kwa jirani kama mtu anayetaka kumwambia siri. Kaka zangu wako mbali, mmoja Kampala, mwingine Kinshasa. Waliniambia nishughulike. Mimi naishi mtaa wa Himbi, katika nyumba ya matofali yenye vigae sakafuni na maji bombani siku yanapojisikia kuja. Mtu anayelala mahali kama pale ndiye hasa anayependa mbao.

Binti yangu Ornella ndiye aliyenipa neno. Alinionyesha kwenye simu yake picha za Wazungu wanaosafiri kwenda kulala kwenye nyumba za mbao, tena wakitabasamu. "Maman, nyumba ya Koko iko vintage," aliniambia; Koko ni bibi yake, yaani Mama. "Musiibomole." Nililipenda neno lile kuliko nilivyolielewa.

Nikamwita fundi Kambale, seremala aliyejenga nusu ya mtaa. Nilimweleza kila kitu: abadilishe nguzo na bati, asugue mbao, azibe nafasi, asiguse ule mlango uliokatwa katikati, ambao sehemu ya juu hufunguka bila ya chini. Madirisha yatapakwa buluu ileile ya utoto wetu. Kambale alinisikiliza huku akimtazama Mama. Nilidhani ni heshima. Mama alikuwa ameketi uani, akipasua mawe kwa nyundo. Siku hizo alikuwa na kazi hiyo kila nilipomtembelea. Alisema anasafisha mahali pa kupanda lengalenga, mchicha wetu.

Nikamweleza na yeye. Nikazungumza juu ya kumbukumbu, juu ya mikono ya Papa iliyopigilia misumari ile. Alinisikiliza vile Mkatoliki anavyomsikiliza mhubiri wa kanisa lingine.

"Sawa, mama," alinijibu, akachukua jiwe jingine.

Nikaenda kutafuta rangi. Buluu ile ilinisumbua siku kadhaa, kwa sababu siku hizi Goma nzima inataka rangi ya maziwa ya chai. Niliipata madukani Birere, kwa mama mmoja aliyeshangaa kwamba bado anayo. Nikarudi Mabanga na makopo yangu, nimefurahi kama bibi harusi. Nilipokaribia niliona moshi.

Nyumba haikuwa tena na ukuta wa mbele. Mbao zake, zile nilizozichagua mwenyewe kwa ajili ya kusuguliwa, zilikuwa zinawaka chini ya sufuria ya maharage. Kambale alikuwa akinyoosha kamba ya msingi. Kando yake lilikuwapo lundo la mawe ambalo hakuna lengalenga duniani ingelihitaji, na mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai.

"Mama, hizi ni mbao za Papa," nilisema.

"Ndiyo. Ziko kavu muzuri."

"Lakini tulielewana."

"Weye ulisema. Mi nilinyamaza. Ile haiko kuelewana."

Nikamgeukia Kambale. Akainamia kamba yake. "Mama Ornella, unisamehe. Mi nafanyia mwenye nyumba kazi."

Ndipo nilipojua kwamba nilipokuwa nahangaika na buluu, Mama alikuwa akiwapigia simu kaka zangu, mmoja baada ya mwingine, na saruji ilitoka kwao. Wote walijua isipokuwa mimi, msimamizi.

Nikajaribu mara ya mwisho. Nikamwambia tuliishi vizuri ndani ya nyumba ile, na kwamba katika utoto wetu wote sikumbuki hata siku moja tuliyosikia baridi.

Mama alikoroga maharage. "Mulikuwa munalala fasi gani?"

"Kwenye godoro, sote pamoja."

"Katikati. Na mimi?"

Nilikumbuka mgongo wake tu.

"Mi nililala ku mbao," alisema, bila hasira. "Papa yenu ku upande ingine. Upepo ilianza kwetu. Njo maana haikufika kwenu. Sasa Papa yenu hayuko, na mugongo yangu iko inaniuma kila asubui. Nilingojea matofali ya Papa yenu. Nimeona nianze na mawe."

Nilisimama na makopo yangu. Joto nililokuwa nikiwasimulia watu miaka yote lilikuwa mgongo wa Mama. Niliona haya, nikauliza kama maharage yameiva. Akanipakulia. Lazima niseme ukweli: yaliiva vizuri sana.

Nyumba mpya ina ukubwa wa ile ya zamani, imejengwa kwa mawe meusi, ina dari na sakafu isiyolia. Buluu yangu Mama aliipokea kwa shukrani, akapaka mlango wa choo. Ule mlango uliokatwa katikati Ornella aliuokoa, tukauwekea miguu, sasa ni meza ya saluni yetu, yaani sebule, kule Himbi, na wageni wanausifu. Mama alipokuja kututembelea aliuliza kama tumekosa mahali pa kuutupa.

Nami bado nalalamika, kama watu wote wa rika langu. Juzi, nikiwa kwake ndani ya mawe, nilimwambia Mama kwamba tumepoteza kitu. Zamani mtu akikohoa ndani, jirani alimwambia pole kutoka kitandani kwake, na asubuhi alileta majani ya kuchemsha. Leo kuta ni nene, kila mtu na geti lake la chuma, na yeye anakohoa peke yake humo ndani, hakuna anayemsikia.

Mama aliniangalia kwa mshangao.

"Nani alikuambia niko nakohoa?" alisema. "Tangu niingie humu, siko nakohoa tena."