Kuwaitikia Marehemu Wetu

Nitasema ukweli, maana hapa Bariadi tunajuana na uongo wangu hautafika mbali. Jumamosi ile ya kwanza ya Novemba sikwenda kanisani kuwaombea marehemu. Nilikwenda kusikia jina la mwanamke mmoja likiitwa mara tatu bila mtu kuitikia. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikajifunga kilemba, nikakanyaga matope ya mvua ya kwanza mpaka kanisani kama mtu anayekwenda kwenye sherehe.

Katika chama chetu cha kitume marehemu hasomwi tu kwenye orodha. Anaitwa. Katibu akilitaja jina, mtu aliye hai anasimama na kusema, "Namwitikia," na tangu siku hiyo mpaka Novemba inayofuata atamwombea marehemu huyo kwa rozari kila Ijumaa. Huyo anaweza kuwa mtoto wake, rafiki, jirani, hata asiye mwanachama. Jina likiitwa mara tatu na watu wakakaa kimya, katibu anapiga mstari, na marehemu anaingia kwenye kundi la wale wasio na mtu, wanaoombewa kwa jumla mwishoni. Padre mmoja aliyehamishiwa kwetu aliwahi kuuliza desturi hiyo imeandikwa wapi. Tukamwambia haijaandikwa popote, tumeikuta. Akacheka, akatuacha.

Mwanamke niliyetaka apigiwe mstari alikuwa mwenyekiti wetu. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliletwa huku na serikali akiwa binti, akazeekea hapahapa bila mume wala mtoto. Kisukuma alikijua, ila alikitamka kwa lafudhi ya kwao hadi kina mama wa sokoni wakawa wanamwigiza. Alikuwa mkali, jamani! Saa tatu kamili mlango wa mkutano unafungwa, ukichelewa utasali ukiwa nje na kuku wa parokia. Skafu yako ya bluu, sare ya chama, ikiwa haijapigwa pasi, anakutazama shingoni mpaka unaivua mwenyewe. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na nyumba mbili tu.

Tuligombana siku ya mazishi ya mama yangu. Mama aliingia kwenye chama hiki kabla yangu, enzi anatoka kijijini kwa basi, upande wa Dutwa, kila mwezi, na skafu ameikunja ndani ya mfuko wa plastiki isishike vumbi. Kwetu mwanachama akifa, skafu inatandikwa juu ya jeneza, halafu familia inakabidhiwa. Mama alikuwa akilisema hilo mara kwa mara, kwa Kisukuma, akicheka: "Ng'wanone, mwanangu, siku hiyo mtanivalisha vizuri kuliko siku ya harusi yangu." Basi siku hiyo wanachama walifika nyumbani, wakaimba vizuri, jeneza likatolewa uani, na juu yake hakukuwa na kitu. Nikamfuata mwenyekiti, nikamuuliza skafu iko wapi.

Akanivuta pembeni, karibu na zizi la mbuzi. "Mwanangu," akasema, "mama yako ana mwaka na zaidi hajaonekana mkutanoni, na hakuombewa ruhusa. Kanuni unaijua."

"Kwa hiyo Mungu naye anaangalia mahudhurio?"

"Mungu haangalii. Mimi ndiye ninayeangalia, ndiyo kazi mliyonipa."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia na la utasa wake, nalo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka. Alirudi kwa wenzake, akashika rozari yake, wakaendelea kusali mpaka tulipomfukia mama.

Sasa kuna jambo ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Mama hakuacha mkutano kwa kupenda. Miguu ilimvimba, hakuweza kupanda basi. Na kanuni inasema mgonjwa aombewe ruhusa na mtu wa nyumbani, neno moja tu kwa katibu, linaandikwa, basi. Mtu wa nyumbani nilikuwa mimi. Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali, kazi yangu kutwa ni mafaili ya likizo na ruhusa za watu wengine. Mtumishi akikaa nyumbani siku tatu bila barua, namsumbua mimi mwenyewe kwa simu. Mama aliniagiza mara ya kwanza, nikasema nitawaambia. Akaniagiza mara ya pili, nikasema, "Mayu, tayari nimewaambia," na nilikuwa sijawaambia. Nilisahau, halafu nikaona aibu kwamba nimesahau, halafu mama akafa. Mwenyekiti alilijua hilo, maana daftari lilikuwa mikononi mwake. Siku ile ya mazishi angeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya ndugu zangu, na hakuitoa.

Ningepaswa kumshukuru. Badala yake nilimchukia. Niliacha chama. Novemba tatu nilikaa nyumbani nikifua nguo, kwa sababu nilijua jina la mama halitaitwa, na sikuwa na moyo wa kukaa kwenye benchi na kulisikia likirukwa. Tukikutana njiani mwenyekiti ananisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," na hiyo salamu huwezi kuinyima jibu, kwa hiyo nilimjibu, "Milele amina," nikiangalia viatu vyake. Tuliishi hivyo miaka mitatu na ushee, mtaa mmoja, dukani kwa mtu mmoja.

Alifariki mwezi Machi, ghafla, akiwa anapika uji. Nilikwenda kwenye msiba, nikakaa nyuma, nikala wali, nikaondoka. Kutoka kwao alikuja mpwa mmoja tu, akafunga nyumba, akarudi. Ilipokaribia Novemba, jirani yangu, mama ambaye ni mwanachama wa siku nyingi na ambaye nyumba yake ni moja ya zile mbili za kati yetu, alinijia mlangoni.

"Dada, mwenyekiti hana mtu. Mwitikie wewe, ndiye jirani."

"Nimwitikie kama nani?"

"Kama jirani, nimekwambia."

"Weee! Jirani ni wewe. Mwitikie."

Akasema yeye ameshabeba mume wake na wifi zake wawili, na desturi hairuhusu kubeba wanne. Wengine nao wamejaa. Tumezeeka, marehemu wetu wamekuwa wengi kuliko sisi. Nilimwambia basi apigiwe mstari, si anapenda kanuni? Jirani akaondoka zake.

Kwa hiyo nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma, jirani akaja kukaa pembeni yangu bila kualikwa. Orodha inaanza na waliotangulia zamani. Akaitwa katekista aliyekuwa akiendesha baiskeli kutoka kigango hadi kigango, breki hana, anasimama kwa kuburuza kandambili, mwanaye akasimama, "Namwitikia." Akaitwa yule mama mnene wa sauti ya juu, aliyeanzisha kila wimbo mahali ambapo hakuna binadamu anayefika, tukawa tunaimba huku tunakohoa. Watu walicheka kidogo, na aliyemwitikia alikuwa anacheka na kulia. Akaitwa mzee wa pamba, ambaye msimu wa mavuno alikuja kusali akiwa na nyuzi nyeupe kwenye nywele na akakataa zitolewe, eti Mungu azione. Hawa wote nilikuwa nimewasahau. Niliona aibu kukuta kwamba nawapenda.

Kisha katibu akatamka jina la mama yangu.

Nilidhani nimesikia vibaya. Hakuna aliyesimama, na katibu naye akainua macho kutoka kwenye daftari kama mtu aliyezoea kusikia sauti fulani mahali pale. Akaita mara ya pili.

Nikamgeukia jirani. "Mama yangu yumo? Nani alimwandika?"

"Mwenyekiti. Tangu Novemba ya kwanza."

"Lakini alisema kanuni..."

"Kanuni ya skafu inaishia kaburini, ndivyo alivyotuambia. Aliyezikwa haulizwi mahudhurio."

"Na mbona hawamwitikii?"

Jirani alinishika mkono. "Aliyekuwa anamwitikia ndiye tuliyemzika Machi. Wewe si hukutaka tukutajie hata jina la mwenyekiti? Simama basi, dada, anaita mara ya tatu."

Nilisimama. Sijui kama nilisema neno lenyewe au nilipiga kelele tu, lakini katibu aliandika, na watu mbele waligeuka. Nikakaa. Kulikuwa na majina mengine matano baada ya mama na sikusikia hata moja. Nilikuwa nahesabu Ijumaa. Ijumaa zote tangu Novemba ile ya kwanza mpaka Machi yule mwanamke, akiwa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ameshika rozari anamwombea mama yangu, na mimi siku hizohizo nafua nguo na kuapa sitaingia kwake hata akiniita. Mtu niliyemtukania tumbo lake mbele ya mbuzi. Na kila Ijumaa lazima alimtaja mama kwa jina, ndivyo tunavyofanya. Mimi binti yake nilikuwa sijamtaja kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe nusu yake ilikuwa juu yangu.

Jina la mwenyekiti lilikuwa la mwisho, maana ndiye aliyekufa karibuni. Katibu alifungua ukurasa, akavuta pumzi, akatuangalia wote kwa huruma, nadhani alishaandaa kalamu ya kupigia mstari. Watu wakainama. Akaanza kulitaja jina lake la ubatizo.

Sikumwacha afike kwenye la ukoo.