Tulivyoanika chumvi juani wakati wa vita, na kosa nililolifanya mimi

Wakuu, salaam kwenu. Nadhani karibu wote humu nawazidi umri, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Nimesoma ule uzi wa makaushio ya solar yaliyopelekwa kijijini, wenyeji wakayageuza mabanda ya kuku. Mmecheka sana na mmewaita wajinga. Nikasema leo nitamaliza bando langu lote niwaeleze yaliyonikuta mwenyewe. Anayetafuta chai akachemshe kwake.

Mimi ni mtu wa Tungue, Msumbiji, jirani na Palma. Wakati wa vita vya ukombozi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi. Wareno walikuwa wanawakusanya watu kwenye vijiji vya seng'enge, sisi tukakimbia, tukaishi porini nyuma ya mikoko.

Kazi yetu wanawake ilikuwa chumvi.

Unakwangua udongo wenye chumvi, unautia kwenye pakacha, unaumwagia maji ya bahari. Yanayochuruzika chini ndiyo unayachemsha. Chumvi ikitoka chunguni inatundikwa kwenye kikapu siku mbili, halafu wachukuzi wanaipandisha kichwani mpaka kwa Wamakonde, uwanda wa juu, kwa wapiganaji na hospitali yao ya porini. Kule madukani hakukuwa na kitu. Mtu ambaye hajala muhogo miezi mitatu bila chumvi asinibishie hapa.

Tatizo lilikuwa moshi.

Asubuhi moja ndege iliufuata moshi wetu ikaangusha mabomu. Shangazi yangu Somoe, mkubwa wa kazi ile, aliungua mkono wote wa kulia. Wenzetu wawili tuliwazika palepale.

Tukazima moto. Chumvi ikakatika.

Wazo lilinijia nikiokota chaza. Niliona vishimo vya mwambani vimekauka, vimebaki na chumvi nyeupe. Nikajiuliza, kama jua linaweza, moto wa nini?

Nikachimba vibwawa vya kina kifupi, nikakandika udongo wa mfinyanzi, nikaukanyaga mpaka ukawa mgumu. Nikamwaga humo yale maji makali ya chumvi yanayochuruzika pakachani. Jua la kiangazi likafanya kazi yake, siku ya tano chini kukawa kukavu na kumejaa chumvi. Hakuna kuni, hakuna moshi, na ndege ilipita juu ikaenda zake.

Wakuu, nilivimba kichwa. Nilikwenda kwenye kibanda alipolazwa shangazi nikamtangazia kwamba habari za vyungu na vikapu zimekwisha. Akanitazama, akasema, "Haya," kisha akageukia ukutani. Nikadhani ni wivu.

Mzigo wa kwanza ukapanda.

Wiki mbili baadaye aliteremka Tanásio, Mmakonde, enfermeiro, yaani muuguzi, wa ile hospitali. Alikuwa na kiasi cha ile chumvi kwenye kitambaa. Hakufoka, aliniambia nionje. Ilikuwa chungu mpaka ulimi ukakakamaa.

"Menina," akasema, ndiyo binti kwa Kireno, "chumvi yako inawaharisha majeruhi. Mmoja hakuwa na nguvu za kuharisha."

Alisema huenda mtu yule angekufa tu kwa jeraha lake. Mpaka leo sijui. Sikuwahi hata kuambiwa jina lake, na hilo linaniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mtu yeyote.

Kina mama wakakaa, wakakata shauri: bora moto uwashwe tena. Nikaiona akilini ile ndege ikirudi. Nikawaomba siku saba. Walinipa kwa shingo upande.

Nikarudi kwa shangazi. Safari hii nilikaa chini, nikamweleza kila hatua. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: maji ya mwisho niliyamwaga wapi.

Nikamwambia sikumwaga, niliacha jua liyanywe yote.

Akafumba macho, kisha akanieleza. Kumbe bahari ina uchungu wake, nao huganda mwisho, baada ya chumvi. Kikapu nilichokidharau, nikidhani ni cha kukaushia tu, kazi yake ni kuchuruza yale maji machungu yaende zake. Mimi niliyaanika pamoja na chumvi nikawapelekea wagonjwa.

"Ulijua tangu siku ile?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukunambia, shangazi?"

"Ulikuja kunifundisha, mwanangu. Hukuja kuniuliza."

Kisha naye akalia. Alisema hasira zake zimeua mtu, nikasema ni kiburi changu. Hatukumaliza ubishi huo mpaka alipofariki.

Kesho yake alitoka na mkono wake wa bendeji, akasimama kando ya kibwawa nikikijaza upya. Siku ya nne, maji yalipobaki kidogo juu ya chumvi, akaninyooshea kidole: mwaga sasa. Tukaikusanya ikiwa mbichi, tukaitundika kikapuni. Tanásio aliionja mbele yetu, akafunga mzigo mwenyewe. Hatukuwasha tena moto wa chumvi mpaka vita vikaisha.

Sasa turudi kwenye makaushio yenu. Mimi sipingi teknolojia, jua lilituokoa. Ila mtaalamu akifika na mtambo, yupo mama mmoja pale amekaa kimya, anajua utakapoharibikia. Ukimya wake si ujinga.

Wenye miradi humu ndani, msinijibu kwa picha za uzinduzi. Niandikieni jina la mtu wa kwanza mliyemuuliza kijijini kabla hamjafungua boksi. Nasubiri.