Bibi Aliyechagua Mkono

Juzi kwenye nyumba ya masaji ya wanawake, mtaa wa Mjambere, aliingia bibi mmoja wa buibui, kashika kiuno. Ilikuwa mara yake ya kwanza pale. Binti wa kaunta akamsomea orodha: masaji laini, masaji ya nguvu, masaji ya mawe ya moto.

"Kwa mgeni, bibi, laini ndiyo nzuri."

Bibi akapandisha mkono wa buibui, akaulaza mkono wake juu ya kaunta. "Nimezaa sita, mwanangu, na kila arubaini ya uzazi nikikandwa. Mie sichagui jina, nachagua mkono. Niitie wakandaji wako."

Wakaja watatu, wakambonyeza mkono kwa zamu. Wa kwanza, bibi akasema: "Huyu apapasa." Wa pili: "Huyu ana hasira." Wa tatu, mpole, aliyeitwa akianika taulo, alipomgusa tu, bibi akafumba macho. "Wallahi, ndiye huyu."

Bibi alitoka baadaye wima, mikono yote miwili ikipunga. Benchi zima la wateja tuliokuwa tukingoja zamu tukampigia vigelegele.

Msinicheke: mimi nilikuwa nimeshachagua mawe ya moto kwa utamu wa jina. Nikakimbilia kaunta kubadilisha, nikakuta wenzangu wote wameshalaza mikono, wanamngoja yule wa taulo.