Rubani Aliyetua Juu ya Ghala la Ngano

Usipoamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, na mvi hizi sikuzipata kwa uzee.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, nilikuwa kijana wa kushika bendera. Nasimama ngano inapoishia, naipunga, rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa anajua apite wapi. Kazi ndogo, lakini nilijiona sana! Tena Jumapili ile nilikuwa naenda Dongobesh kumposa Paulina, binti wa Mzee Bura. Nilimpenda kweli.

Basi jioni moja kabla ya Jumapili hiyo, kazi imekwisha, nikapanda juu ya ghala refu kuanika bendera iliyolowa. Mara nikasikia injini. Ndege ndogo ikatokea upande wa mlimani, ikaifuata bendera yangu, ikatua palepale juu ya paa. Na paa lenyewe lisingetosha kuanikia mahindi ya nyumba moja. Niamini, hata vumbi haikutimua.

Akashuka rubani, mzee hasa, mgongo umepinda, meno hana. Nikafungua mdomo nimwamkie. Akaniwahi.

"Shikamoo, baba."

Wewe! Ndege kutua juu ya paa niliivumilia. Lakini mzee wa kumzaa babu yangu aniamkie mimi? Na kwetu shikamoo haiachwi bila jibu, hivyo ikanitoka tu: "Marahaba, mwanangu."

"Asante sana," akasema. Mgongo ukanyooka huku namtazama, meno yakajaa mdomoni. Akaondoka na ndege yake, anapiga mluzi.

Asubuhi nywele zangu zote nyeupe pee. Jumapili nikavaa kofia, nikaenda na mshenga. Lakini ukweni utaingiaje na kofia? Nikavua. Mzee Bura, ambaye hakuwahi kuniona, akainuka haraka kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee. Karibu ukae. Na huyo kijana mwenyewe yuko wapi?"

Nani atampa binti mtu aliyemwamkia? Nililia njia nzima.

Baada ya mavuno Paulina akaolewa na kijana mgeni, mwenye meno mazuri, anayependa kupiga mluzi.

Kwa hiyo wewe kijana, mzee akikuamkia, kimbia. Mimi mpaka leo nikipita Dongobesh, Paulina ananiamkia, naitikia kwa uchungu. Mumewe naye huniamkia, anatabasamu. Huyo simwitikii ng'o.