Mwenye Mizinga Yupo

Kaka yangu Yeremia ana tabia ya kutafuna sega na majana, wale watoto wa nyuki, humo humo, kisha anatema nta mlangoni kwa watu. Nimeanza na yeye kwa sababu kila ninapotaka kueleza maisha ya kaka yetu mkubwa, Mazengo, huyu mwingine ndiye anayenijia kwanza. Ananitia kinyaa. Tumetoka tumbo moja sote watatu, mimi Elina nikiwa kitindamimba, na bado nasema hivyo.

Mazengo alikuwa mrina asali. Upande wetu wa Itigi pori ni la vichaka vilivyoshonana, na mtu asiyejua njia zake hafiki mbali. Yeye alizijua. Alichonga mizinga ya magogo kwa mkono wake, akaikata alama yake, mikato miwili na duara, akaitundika kwenye miti ambayo hakumwonyesha mtu. Hakuwa msemaji. Mkewe Marietha ndiye aliyeongea kwa niaba ya wote wawili, na alipomtania kwamba nyuki wanalijua jina lake kuliko watoto wa jirani, Mazengo alicheka kwa pua tu, akaendelea kunoa shoka.

Zamani asali ilinunuliwa na ushirika, kwa bei yao na siku yao. Likaja soko huria. Malori yakaanza kufika kutoka Dar es Salaam, kila mwenye ndoo akawa mfanyabiashara, na Yeremia, ambaye hajawahi kupanda mti hata wa mapera, akanunua kofia akajiita wakala.

Marietha alifariki kwanza. Tulijua ni nini, ingawa msibani walisema malaria. Baadaye Mazengo naye akaanza kupotea huku yupo. Alisimama mlangoni na shoka mkononi asijue alikuwa anakwenda wapi. Mkono ukawa mzito, kijiko kikawa kinagonga meno. Akakonda, akajikojolea mbele ya wageni. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uchungu wa mke. Hospitalini walimpima wakakuta virusi vya UKIMWI, wakatueleza kwamba virusi hivyo hivyo vimeingia mpaka kwenye ubongo. Mimi sikuwahi kusikia kuwa ugonjwa ule unakula na akili.

Dawa za kurefusha maisha zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kutolewa bure. Mgonjwa alitakiwa aje na ndugu wa kumsimamia, wa kuhakikisha anameza na kumweleza daktari hali ya nyumbani. Baba Mdogo Zefania, mkubwa wa ukoo, alisema hiyo ni kazi ya mwanamume. Akapewa Yeremia. Mimi nikapewa kufua mashuka.

Vidonge vya kwanza vilifanya kazi, sitasema uongo. Mazengo aliyekuwa mifupa mitupu alianza kumaliza ugali, mashavu yakajaa, akatembea bila kushikwa. Lakini kichwa hakikurudi. Ukimuuliza jambo, jibu lilichelewa mpaka wewe mwenyewe unaona aibu kulisubiri. Alikaa alipokalishwa na kwenda alikopelekwa, na Yeremia akaona hapo pana faida.

Kwetu mzinga wa mtu haufunguliwi bila mwenyewe. Ukikutwa unarina mzinga wenye alama ya mwingine wewe ni mwizi, na wajukuu wako wataitwa wajukuu wa mwizi. Ila mwenyewe akiwepo, nani atauliza? Basi Yeremia akawa anamchukua kaka yake asubuhi na kumwambia, "Tangulia, kaka." Miguu ya Mazengo ilikumbuka njia kuliko kichwa chake, ikawa inampeleka yenyewe mpaka mtini. Hapo anakalishwa chini, vibarua wanapanda. Akitokea mpita njia, Yeremia anamwonyesha kwa kidevu: "Mwenye mizinga yupo, si unamwona?" Na ili aonekane anafurahia, anampaka asali midomoni.

Hayo nilikuja kusimuliwa na kibarua mmoja aliyeshindwa kuvumilia. Kabla ya hapo mimi niliona mabaki tu. Kuna siku walimrudisha kope zimevimba kwa kuumwa na nyuki mpaka macho hayaonekani, maana moshi uliwashwa kwa ajili ya waliokuwa juu ya mti tu. Asali ilikuwa imemkaukia kidevuni pamoja na nzi. Nilimwosha kwa kinyaa, lakini kinyaa kile hakikuwa chake. Yeremia alikuwa uani anafunika ndoo, anapiga mluzi.

Siku ya kliniki ilipomkuta Yeremia yuko Singida mjini na asali, nikaenda mimi. Daktari Abdulhamidi alifungua faili, akanitazama kwa mshangao.

"Ndugu yenu huniambia kichwa kimeshapona," akasema. "Eti mgonjwa anatania watu, anasimamia mizinga yake mwenyewe."

"Muulize mwenyewe, daktari," nikamjibu.

Akamtajia maneno manne ya kukumbuka: jembe, kofia, kunde, nyekundu. Kisha akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka. Vidole vile vilivyochonga magogo ya mninga viligongana polepole, kama vya mtu anayesinzia. Akamuuliza yale maneno. Mazengo alitazama dirishani kwa muda mrefu.

"Kofia," akasema. Mengine hayakuja. Badala yake akalalamika kwamba nyayo zinawaka moto.

Daktari alieleza kwamba ndani ya vidonge vile mna dawa iitwayo stavudini, ambayo huweza kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu. "Ipo nyingine, zidovudini," akaniambia. "Wengi tunaamini hiyo inafika kwenye ubongo vizuri zaidi. Siahidi kitu, dada yangu, wagonjwa hawafanani. Na inaweza kumpunguzia damu, itabidi tumpime mara kwa mara. Lakini ningeambiwa ukweli, ningeshaibadilisha zamani."

Akambadilishia siku ile ile. Yeremia aliporudi alipandisha hasira. "Nani kakutuma kubadilisha dawa ya mtu aliyekwisha kunona?" Alisema kunona, neno la mbuzi. Tangu siku hiyo chupa ya dawa ililala chini ya mto wangu, na nilimmezesha mwenyewe.

Haikuwa miujiza. Ilikwenda taratibu, miezi, nikikata tamaa na kurudi. Kwanza Mazengo aliuliza kwa nini shoka lina kutu. Kisha akaanza kunikosoa ninapofunga kamba ya kisima. Jioni moja, tukila, akauliza Marietha yuko wapi. Nikamwambia. Alilia kama mtu aliyepata taarifa saa ile ile. Mara ngapi alikuwa ameuliza hapo nyuma, na nikamwambia, na kesho yake akauliza tena. Safari hii kesho yake hakuuliza. Alikwenda kusafisha kaburi. Nilifurahi na nikajichukia kwa kufurahi.

Halafu damu ikashuka, kama tulivyoonywa. Viganja vikawa vyeupe, akawa anahema akitoka kisimani. Daktari alisema njia ziko mbili: kumwongezea damu na kuendelea kwa uangalizi, au kurudi kwenye vidonge vya kwanza. Mgonjwa mwenyewe achague. Lakini ukoo wetu haujui kumwachia mtu mwili wake, ikaitwa kikao.

Yeremia alisema vizuri kuliko wote. Alisema hataki kumzika kaka yake. Alisema zile za mwanzo zilimpa afya, kila mtu aliona mashavu, na akili bila damu itamfaa nini. Hata alifuta machozi usoni, ule mdomo bado unang'aa kwa asali ya chai. Baba Mdogo Zefania akawa anatikisa kichwa kukubali. Nilitamani kutoka nje nikateme mate.

Mazengo aliomba kusema. Alisema polepole, lakini neno lilifuata neno.

"Nakumbuka kila mti mlionikalisha chini yake," akasema. "Nilikuwa nasikia. Mdomo ndio haukufunguka. Nakumbuka ule mti wa mkola wenye nyuki walioniuma macho. Ulinipaka asali, Yeremia, ukawaambia watu natabasamu."

Nilisubiri Yeremia ainamishe kichwa. Mjinga mimi, nilisubiri kweli.

Yeremia alisogeza kigoda chake karibu, akamwekea kaka yake mkono gotini. Sauti yake ilikuwa laini.

"Basi kaka, kama kichwa kimerudi kabisa, ile mizinga yako ya ng'ambo ya reli hatukuwahi kuiona. Iko miti gani?"

Nikamgeukia Baba Mdogo Zefania ili amkemee. Mzee alikuwa amejivuta mbele kwenye kiti chake, naye anasubiri jibu.

"Elina," Mazengo akaniambia, "niletee dawa yangu. Hii ya sasa."

Nikamletea na maji. Akameza mbele yao bila haraka, na wao wakaendelea kumsubiri.