Mchina kanipa mbegu za kunazi nipate usingizi, nikaogopa kuzinywa

Wakuu, kwema? Mnaotafuta chai piteni kushoto. Hii imenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye maghala ya Ras Al Khor, huku kwa Waarabu. Asubuhi nikirudi chumbani Al Qusais wenzangu wote wameshaenda kazini. Nabaki na vitanda vyao na mlio wa AC. Upweke wake usiombe.

Mama alifariki Tanga visa yangu ikiwa bado inashughulikiwa, sikuweza kutoka. Akazikwa bila mimi.

Tangu hapo usingizi ukanikimbia. Supervisor akanikuta nasinzia kazini, akasema nikirudia, khalas, narudishwa nyumbani.

(Hospitali nilienda, msianze. Vipimo safi.)

Kuna madam wa Kichina ana ghala la vyombo pale. Kuona macho yangu mekundu, akaniletea mbegu za kahawia zilizokaangwa. Niziponde, nichemshe, ninywe. Kwao ni dawa ya tangu zamani ya wasiwasi na kukosa usingizi.

Akanionyesha picha ya mti. Wakuu, ni mkunazi! Si huu wetu hasa, ni ndugu yake, ila miba ni ile ile. Nikacheka sana.

Nimefika chumbani, nimeshika kikombe, kicheko kikakata. Sisi watu wa Pwani si ndiyo majani ya mkunazi tunaoshea maiti? Mama sijamzika, halafu mimi ninywe mkunazi nilale? Nikaona najiitia kifo. Nikamwaga chote.

Nikampigia dada Zuhura kumuuliza kama kuna ubaya. Badala yake nikajikuta namuuliza majani ya mama yalichumwa wapi.

Akasema, "Niliyachuma mimi. Nikamwosha mimi na shangazi, nywele nikamsuka mwenyewe. Siku zote nangoja uniulize, mdogo wangu."

Tulilia wote wawili. Kumbe na yeye alikuwa peke yake.

Kesho yake nikaponda nyingine, nikanywa. Nililala mpaka roommate akaniamsha niende shift.

Ni mbegu au ni simu? Sijui, na sitawadanganya. Unayetumia dawa nyingine muulize daktari kwanza.

Nilichojifunza: nilidhani kwa kuwa sikuwepo, msiba haukuwa wangu. Nikakaa kimya, dada naye akakaa kimya.

Wewe uliyezikiwa mzazi ukiwa ugenini, ulishawahi kumuuliza aliyemwosha? Kama bado, funga uzi huu umpigie. Comment utaandika ukimaliza kulia.