Ziwa Liwe Mkono wa Kulia

Dada yangu hachoki kukasirika. Wengine hasira huwaishia wakishalala. Yeye huamka nazo akapiga nazo mswaki. Nasema mapema, asije mtu akaniuliza kwa nini hakumsamehe shemeji yake.

Wanamwita Mama Spoki. Ana miaka hamsini na miwili, na kazi yake ni banda la baiskeli nyuma ya hoteli iliyo kando ya ziwa, ubavuni mwa chumba cha kufulia ninakofanya kazi mimi. Ukuta wetu ni wa bati, kwa hiyo nikipiga pasi mashuka namsikia akitukana gia. Ana baiskeli arobaini na moja, zote anazijua kwa tabia: hii ina kiburi, hii inavuta kushoto, hii mpe mzee.

Zamani wageni walizikodi wakarudi wanalia. Huyu kaingia barabara ya malori ya mawe, yule kazama topeni, mwingine mtoto wake kafukuzwa na mbwa. Ndipo Mama Spoki akaanza kutafuta njia. Miaka mitatu, kila asubuhi kabla ya kazi, alizunguka ziwa na kopo la maji lisilo na kifuniko kwenye kikapu cha mbele. Njia iliyobakisha nusu kopo, ya watu wazima. Iliyobakisha kopo zima, ya watoto na wazee. Iliyommwagia maji magotini aliitukana, akaifuta. Akapata ile ya kivuli katikati ya miti mirefu, ile ya kwenye matete ambako ndege hawakimbii mtu, na ile ya juu, nyuma ya machimbo ya mawe, ambako ukifika unaliona ziwa lote.

Sheria yake ilikuwa moja tu: ziwa liwe mkono wa kulia. Ukienda hivyo, mlima wa machimbo unaupanda taratibu, ukichoka unasukuma, halafu unateremka kidogo kidogo hadi hotelini. Ukizunguka kinyume, unaporomoka na mlima mzima mpaka kwenye kona wanakotokea malori.

Sheria hiyo hakuiandika popote. Aiandike ya nini? Kila mgeni aliyepita huko alikuwa nyuma yake, yeye akiongoza.

Sasa huyo shemeji. Ni mdogo wa mumewe, mtu ambaye hata Jumapili havui tai shingoni. Kazi ya kubeba mizigo hotelini dada ndiye aliyemwombea, na miaka miwili alikula kwake, akilala sebuleni, mashati akifuliwa. Akapanda, akapanda, akawa msaidizi wa meneja. Siku moja akaja bandani na sauti ya asali.

"Shemeji, hebu nichoree zile njia zako. Mama Mwenyewe anataka kuziona."

Mama Mwenyewe ndiye mwenye hoteli. Dada akachora jioni nzima, ulimi nje kama mtoto wa shule. Baada ya wiki mbili vikaja vipeperushi vya rangi. Ramani ni ile ile, hadi kisiwa alichokikosea kikafanana na kiatu. Pembeni, picha ya shemeji amekumbatia baiskeli asiyowahi kuipanda, na chini yake imeandikwa kwamba njia zote amezitafuta na kuzipima yeye.

Dada akaingia ofisini na grisi yake mikononi.

"Shemeji, ulizipima lini?"

"Shemeji, usilete mambo ya nyumbani kazini."

"Nakuuliza lini. Na kitambi hicho?"

"Mikono hiyo inaogopesha wageni. Wewe baki bandani. Jumamosi nazunguka na Mama Mwenyewe, akiridhika nawekwa mkuu wa matembezi."

Mkuu wa matembezi! Dada aliitaka kazi hiyo hata kabla haijapata jina. Nikamwona anarudi ameinamisha kichwa, nikadhani amemeza hasira. Kumbe anakisoma kipeperushi.

"Ameweka mishale," akaniambia. "Ziwa mkono wa kushoto."

"Mungu wangu! Nenda kamwambie."

"Nimwambie nini? Si amezipima?"

"Dada, mtu atakufa!"

"Hafi mtu. Naijua kazi yangu."

Ijumaa alishinda kwenye baiskeli mbili tu, ya Mama Mwenyewe na ya shemeji. Raba za breki mpya, kila nati ameikaza mara mbili. "Namtaka mzima," akasema. "Maiti haoni aibu."

Jumamosi asubuhi akachukua kitambaa chekundu cha meza kutoka kwenye kapu langu la nguo, nami nikaacha pasi nikamfuata. Tukasimama pale konani. Lori la kwanza lilipotokea akalipungia kitambaa mpaka likasimama.

"Mama, kuna nini?" dereva akauliza.

"Shemeji yangu anakuja."

"Amefiwa?"

"Bado hajajua."

Tukamsikia kabla hatujamwona. Breki zinalia, naye analia zaidi ya breki. Akatokea na tai imemfunika uso, kona ikamshinda, akaingia moja kwa moja kwenye mtaro wa matope meupe ya machimbo. Dereva alicheka mpaka akaegemea honi.

Mama Mwenyewe alikuja baadaye kwa miguu, anasukuma baiskeli, viatu mkononi. Akatazama mtaro, akatazama lori, akamtazama dada na kile kitambaa.

"Ulijua tutatokea huku?"

"Tangu juzi."

"Na hukusema?"

"Nimesema miaka mitatu kwa miguu yangu. Hili moja nikamwachia aliyezipima."

Kutoka mtaroni shemeji akaita, "Shemeji, nipe mkono!"

"Mikono hii inaogopesha watu," dada akajibu, wala hakugeuka.

Mama Mwenyewe hakucheka. "Ungeniua."

"Breki zako nimefunga mimi. Malori nimesimamisha mimi. Ungechafuka tu."

"Hata kuchafuka sikuomba." Akavaa viatu. "Haya, nionyeshe inavyotakiwa."

Wakaondoka wawili, ziwa likiwa kulia kwao. Walichelewa hadi wageni wakamaliza chakula cha mchana. Dada aliporudi alikuwa na ile kazi ya mkuu wa matembezi, na onyo pia: akinyamaza tena akiona hatari, atafukuzwa yeye na mdomo wake. Akakubali yote mawili. Ila akaomba mtu wa kukaa mkiani mwa msafara, abebe pampu na viraka.

"Unamtaka nani?" Mama Mwenyewe akamuuliza.

"Yupo mtaalamu mmoja wa njia."

Ndiyo hadi leo. Kila asubuhi shemeji anakokota mkiani, na tairi likipasuka ni yeye anayepiga magoti. Wageni wanamwita fundi. Dada anawasahihisha, msaidizi wa fundi.

Juzi nilikuwa kwao, mumewe akajaribu kumlainisha.

"Mke wangu, inatosha sasa. Ni mdogo wangu yule. Ameomba radhi mara tatu."

"Ameomba kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi msamehe wewe," dada akasema, akanipitishia chumvi.